Kitereza wa Ukerewe na nchi aliyoitazama

Ndugu msomaji, kama wewe ni mkazi wa Mwanza, leo ukitoka ibadani ni vigumu kulikwepa ziwa. Wa Bugando utateremka kilima huku ukiliona mbele yako. Wa Kirumba utasikia harufu ya dagaa wa mwaloni kabla hujayaona maji yenyewe. Na ukipita karibu na kivuko cha Kamanga, lile jiwe la Bismarck litakuwa palepale, limekaa juu ya mawe wenzake kama lilivyokaa tangu zamani, na huenda usigeuze hata shingo. Sikulaumu. Kitu tunachokiona kila siku huacha kuonekana.

Wajapani wana desturi ambayo wengi wetu tungeiona kama kupoteza muda. Maua ya micheri yanapochanua, watu wazima, wenye kazi na madeni kama sisi, huenda kukaa chini ya miti hiyo na kuyatazama. Maua yenyewe hayadumu, baada ya wiki moja au mbili yanapukutika. Wanakwenda kwa sababu yatapukutika. Sisi wa kando ya Nyanza hatuna siku ya namna hiyo kwenye kalenda, wala kanisani hatujaiweka. Lakini tuliwahi kuwa na mtu aliyeitazama nchi hii maisha yake yote, na leo ningependa tukae naye kidogo.

Kabla yake, mkumbuke mtazamaji mwingine ambaye jina lake unalijua tangu shule ya msingi. Tarehe 3 Agosti 1858 Mwingereza John Hanning Speke alipanda kilima upande huu wa Mwanza akaliona ziwa. Alikaa siku chache tu, akalipa jina la malkia wake, akageuza njia kurudi Kazeh, ambayo leo ni Tabora. Ziwa lilikuwa na majina tayari, na watu waliolijua kwa vina vyake na pepo zake. Hata hivyo jina la mgeni aliyekaa siku chache ndilo lililobaki kwenye ramani. Naam, ndivyo ramani zilivyo.

Mtu wetu ni Aniceti Kitereza. Alizaliwa mwaka 1896 katika ukoo wa Wasilanga, ukoo uliotawala Ukerewe, na babu yake alikuwa Omukama Machunda. Kwa hiyo alikuwa damu ya kifalme, ingawa aliishi na kufa maskini. Alifiwa na baba yake mapema. Wakati huo Wamisionari wa Afrika, ambao wazee wetu waliwaita Mapadri Weupe, walikuwa wamefungua misheni Kagunguli, katikati ya kisiwa, na huko ndiko kijana alikoanza kusoma na kubatizwa. Akapewa jina la Aniceti, baba mtakatifu wa karne ya 2, jina ambalo hata leo si wengi wanalolibeba.

Mapadri waliona kwamba kichwa chake kinashika. Wakamvusha ziwa hadi upande wa magharibi, kwenye Seminari ya Rubya, katika vilima vya Ihangiro vyenye migomba. Akakaa huko miaka kama kumi. Alijifunza Kilatini, Kijerumani, falsafa na mafundisho ya dini, yaani yote ambayo kijana wa wakati ule alitakiwa kuyapitia ili awe padri. Katikati ya masomo hayo vita vya dunia vikafika hadi kwetu. Katikati ya mwaka 1916 Waingereza waliiteka Ukerewe, kisha Mwanza, na Kijerumani chote alichokuwa amekikusanya kikabaki lugha ya watawala walioondoka. Fikiria hilo, ewe mzazi unayelipa ada: miaka ya kijana inapita katika kujifunza kitu ambacho dunia inakigeuza asubuhi moja.

Upadri haukuja. Kitereza alitoka seminari akarudi kwao, na mwaka 1919 akafunga ndoa na Anna Katura. Akafanya kazi za kujipatia riziki, baadaye akawa karibu na mapadri wa Kagunguli akiwasaidia kwa kalamu yake.

Hapa ndipo maisha yake yanapouma. Yeye na Anna walipata watoto, na watoto wale walikufa wangali wadogo. Hakubaki hata mmoja. Wewe unayesoma haya na umewahi kumzika mtoto, huhitaji maelezo. Wengine na tukumbuke nchi ilivyokuwa: katika Ukerewe ya miaka ile, kama ilivyo katika vijiji vyetu vingi hata sasa, nyumba isiyo na mtoto ilihesabiwa kama haijajengwa. Ndugu wa mume huja na ushauri. Mwanamke husemwa kisimani. Kwa desturi, dawa ya jambo hilo ilijulikana, nayo ni kuoa mke mwingine. Kitereza alikuwa Mkristo wa ndoa moja, akabaki na Anna. Wawili hao walizeeka pamoja katika nyumba ambayo hakuna mtoto aliyelia ndani yake tena.

Mtu wa namna hiyo hufanya nini na siku zake? Wapo wanaoanza kuichukia ardhi iliyowameza wanao. Ninawajua waliohama kijiji ili wasipite tena kwenye lile kaburi dogo. Kitereza alifanya kinyume. Aliigeukia nchi ileile, akaanza kuitazama, na kuandika kila alichokiona na kila alichowahi kusikia kwa wazee.

Mwaka 1945, akitiwa moyo na Padri Almas Simard, mmisionari kutoka Kanada, alimaliza kitabu kikubwa kwa lugha ya Kikerewe. Ni hadithi ya mume na mke, Myombekere na Bugonoka. Wanapendana, lakini hawana mtoto. Ndugu wa mume wanamsema Bugonoka hata wazazi wake wanachoka na kuja kumchukua binti yao. Myombekere anabaki na nyumba tupu. Halafu anafanya jambo ambalo wanaume wengi wa wakati wake wangeliona kama aibu: anafunga safari kwenda ukweni kumwomba mkewe arudi, na kukubali kulipa fidia ya pombe ya ndizi anayodaiwa. Wanarudiana. Anatafutwa mganga, dawa inachemshwa, na baada ya kungoja sana anazaliwa mvulana, Ntulanalwo, na kisha msichana, Bulihwali.

Majina hayo mawili yana uzito. La kwanza lina maana ya kuishi na kifo kila siku, kukaa nacho nyumba moja. La pili ni swali: ukiwa huu utakwisha lini? Mwandishi ambaye wanawe walikuwa kaburini aliwapa watu wake wa kubuni watoto ambao yeye hakubaki nao, na majina yao yakabeba kilio. Kila nikifika hapo hufunga kitabu kwa muda.

Lakini nilisema tunazungumzia kutazama nchi. Msomaji asiyekuwa na subira hukilalamikia kitabu hiki kwamba kinakwenda polepole. Ni kweli. Myombekere akitengeneza pombe ya ndizi, utafuata kila hatua, hadi wewe mwenyewe ungeweza kuitengeneza. Mvua ikija, utaiona inavyokuja na watu wanavyoikimbia au kuikimbilia. Watu wakienda ziwani kuvua, wakichunga ng'ombe, wakilima, wakichuma majani ya dawa, utakwenda nao mwendo wao. Hakuna mmea unaotajwa ovyo kama pambo. Kila kitu kina jina lake, matumizi yake, na heshima yake. Mtu hawezi kuandika hivyo kama hakukaa muda mrefu akitazama kwa upendo.

Na sasa jambo ambalo kwangu ndilo la ajabu kuliko yote. Katika kitabu hicho, kilichoandikwa na mtu aliyesomea upadri miaka kumi, hamna padri. Hamna kanisa, hamna Biblia. Hadithi inatokea zamani, kabla ya wageni kufika. Ungetegemea mseminari awachore babu zake kama watu waliokaa gizani wakingoja taa. Hakufanya hivyo. Aliwaonyesha watu wanaomjua Muumba, wanaolitaja jina lake katika salamu na katika shida, wanaopokea mvua na mtoto kama kitu walichopewa. Na makosa yao pia hakuyaficha: masengenyo yapo, ulevi upo, hofu ya uchawi ipo.

Wako wakristo wenzetu waliowahi kuuliza kama huo ulikuwa uandishi wa Kikristo kweli. Mimi naona jibu liko katika Matendo ya Mitume, sura ya 14. Paulo na Barnaba wamefika Listra, kwa watu ambao hawakuwahi kusoma torati wala manabii. Paulo anaanzia wapi? Anaanzia na mvua. Anawaambia kwamba Mungu hakuwaacha bila shahidi, na shahidi mwenyewe ni mvua inayonyesha, majira ya mavuno, chakula na furaha iliyo mioyoni mwao. Kwa maneno mengine, kabla mitume hawajafika, mvua ilikuwa imeshahubiri. Kitereza aliandika mahubiri ya mvua ya Ukerewe. Alikuwa amejifunza Kilatini cha misa, kisha akarudi nyumbani akasikiliza lugha ambayo Mungu alikuwa akiitumia kisiwani siku zote.

Bwana wetu mwenyewe alifundisha hivyo. Alipotaka kuwatuliza watu wenye wasiwasi wa chakula na nguo, aliwaelekeza kwenye ndege na maua ya kondeni, akawataka wayaangalie kwa makini. Tumezoea kulichukua fundisho hilo kama neno la faraja tu. Ni amri pia, na ni amri ambayo sijawahi kusikia mtu akiungama kuivunja.

Isije ikadhaniwa kwamba tunasifia uzuri kama wa picha za kalenda. Uzuri wa ziwa hili una meno. Mwanza haijasahau tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilipozama ikiwa imekaribia kufika, wala Ukerewe haijasahau tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na Ukara, kikitokea Bugolora, na zaidi ya watu 220 wakapotea. Wapo wanaosoma safu hii ambao hawawezi kuyatazama maji yale bila kumwona mtu fulani. Wakazi wa visiwani wamelijua hilo tangu zamani: maji yaleyale yanayoleta samaki huchukua mtu. Kitereza naye aliandika akiwa mfiwa. Aliitazama nchi iliyompa na kumnyang'anya, akaendelea kuita kila kitu kwa jina lake. Ayubu angemwelewa.

Baada ya mwaka 1945 kukaanza kungoja. Hakuna mchapishaji aliyetaka kitabu kinene cha lugha ya kisiwa kimoja. Padri Simard alikichukua akaenda nacho Kanada ili akitafsiri kwa Kifaransa, lakini alifariki kabla ya kazi hiyo kutimia. Miaka ikapita. Tanganyika ikapata uhuru, ikawa Tanzania, na mzee wa Kagunguli bado ana karatasi zake. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mwanahistoria Mmarekani, Gerald Hartwig, alikuja Ukerewe na mkewe Charlotte kuchunguza historia ya Wakerewe, wakamkuta Kitereza na kuona utajiri aliokuwa amekalia. Ikaonekana kwamba njia ya kitabu kufika kwa watu ni Kiswahili. Basi mzee huyo, aliyekwisha kupita miaka 70, viungo vikimsumbua kwa maumivu, alikaa chini akaanza upya. Aliitafsiri kazi yake mwenyewe kwa Kiswahili, ukurasa kwa ukurasa.

Ndugu msomaji, wengi wetu tukingoja jibu la ombi kwa miaka mitatu tunabadilisha kanisa. Huyu alingoja miaka 35. Pengine kukaa kisiwani kulimsaidia. Mtu wa kisiwani hujifunza tangu utotoni kwamba upepo hauamrishwi, na chombo kitaondoka ziwa likiruhusu. Unakaa mwaloni na mzigo wako, unatazama maji.

Hatimaye Tanzania Publishing House ya Dar es Salaam ilikitoa kitabu katika juzuu mbili, kikiwa na tarehe ya 1980, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Kilipigwa chapa China. Vitabu vikaanza safari ndefu ya kurudi nyumbani. Mzee Kitereza alifariki tarehe 20 Aprili 1981. Mwaka huo Pasaka iliangukia tarehe 19, kwa hiyo siku yake ilikuwa Jumatatu ya Pasaka. Nakala zilifika nchini yeye akiwa amekwisha kuondoka. Hakukishika kitabu chake mkononi.

Nimewahi kusimulia habari hii katika jumuiya ndogo ndogo mtaani kwetu, na mama mmoja akakasirika kabisa. Alisema Mungu angeweza kumwongezea wiki chache tu, kwani ingempunguzia nini? Sikuwa na jibu la kumpa, na sikutaka kumtungia. Nilimkumbusha Musa juu ya mlima Nebo, ambaye aliionyeshwa nchi yote kwa macho na hakuvuka. Mama yule akasema Musa angalau aliiona. Jumuiya ikacheka, lakini yeye hakucheka.

Nimelifikiria jibu lake mara nyingi. Ni kweli, kitabu hakukiona. Nchi aliiona, tena aliiona kuliko sisi tunaopita na simu mkononi. Na aliiona kwa wakati wake, kwa maana nyingine ambayo labda hata yeye hakuitambua. Ziwa alilolitazama halipo tena. Katika miaka ya 1950 sangara aliingizwa Nyanza, na kufikia miaka ya 1980, wakati ule ule Kitereza anazikwa, furu wa ziwa hili, waliokuwa wa mamia ya aina ambazo hazipatikani popote duniani, walikuwa wakitoweka kwa kasi. Haikupita miaka mingi gugu maji likaja kufunika ghuba zetu kwa blanketi la kijani. Sangara ametujengea viwanda na kuwasomesha wengi, sitaki kuwa mnafiki, hata mimi namla. Lakini mjukuu anayetaka kujua bibi zake walivuaje, walikula nini, waliitaje majani ya porini, atalazimika kwenda kwa yule mzee asiyekuwa na wajukuu.

Na wanakwenda. Mwaka 2002 Mkuki na Nyota walitoa tafsiri ya Kiingereza iliyofanywa na Gabriel Ruhumbika, mwandishi ambaye naye ni mtoto wa Ukerewe, akiifanya kutoka Kikerewe chenyewe. Wajerumani nao walikwisha kukitafsiri kabla ya hapo, katika lugha ambayo Kitereza alijifunza Rubya ikaonekana haina kazi tena.

Kwa hiyo, kama una mzee nyumbani mwenye juzuu zile mbili za mwaka 1980 kabatini, mwombe akuazime. Usikimbilie kujua kama Bugonoka atazaa, hilo nimekwisha kukuambia. Anzia pale Myombekere anapokwenda ukweni, na usome kwa mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu.